Nikibonyeza redio koli, lori linakohoa! Mafundi wa Tanga naomba msaada

#1 Mkonge Damu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mie si mtu wa umeme. Nina malori mawili ya kubeba kokoto na mawe ya chokaa upande wa Pongwe, na Hilux moja ya kuhangaikia. Mwezi uliopita nimepata kazi kwenye machimbo ambako getini hupiti bila redio koli, kwa sababu njia ya kupanda na kushuka ni moja na madereva wanaulizana kwa redio nani apite kwanza. Nikanunua tatu za kufunga kwenye gari, VHF, wati 25 kila moja. Nikampa fundi mmoja wa Ngamiani, akazifunga zote siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi hadi alasiri. Nikamwona jembe.

Sasa njooni mwone. Lori jipya kidogo, lile la kompyuta, dereva akibonyeza maiki aongee injini inakata nguvu. Inakohoa mara mbili tatu na taa ya injini inawaka. Akiachia linatulia kama si lenyewe. Jana limefanya hivyo likiwa linapanda na mzigo, utingo karuka chini na kigingi mkononi, akijua ndiyo safari imeisha. Lile la zamani halikohoi, ila linakula betri. Zipo mbili, moja hailali na chaji hata usiku mmoja, nyenzake inachemka mpaka maji yanarukia nje. Na Hilux nasikia kila kitu, ila mie nikiongea hakuna anayenijibu. Niko Pongwe, wao wapo hapo Maweni tu!

Fundi nimempigia, ananiambia redio za siku hizi feki. Hivi ni kweli zote tatu?

#2 Dogo wa Chuda

Hilo lori lina mafua mkuu, liwahishe hospitali Bombo.

#3 Fundi Waya

Dogo acha masihara, utingo karuka na mzigo juu hapo, si jambo la kuchekea.

Mleta mada, redio hazina kosa mpaka tuthibitishe. Jibu mambo matatu, na ukiweza weka picha: antena imekaa wapi, waya wake umepita wapi hadi kwenye redio, na moto wa redio umechukuliwa wapi. Usiniambie "kwenye fyuzi", nataka kujua waya unaanzia wapi kwa macho yako. Na mpaka upate jibu, mwambie dereva asibonyeze redio gari likitembea na mzigo. Asimame kwanza.

#4 Mkonge Damu

Nimetoka chini ya lori sasa hivi, shati limekwisha.

Antena iko kwenye mkono wa kioo cha pembeni, upande wa dereva. Waya unashuka na nguzo ya mlango, unaingia chini ya dashibodi. Ulikuwa mrefu, basi ule uliobaki kauviringa kama kamba ya kisimani, kaukandamiza nyuma ya kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Na waya wenyewe kaufunga pamoja na ule mkonga mkubwa wa nyaya za gari, kwa vifungio vya plastiki, unapendeza kweli.

Moto: kwenye lori la zamani umetoka katikati ya betri mbili. Aliniambia redio ni ya 12, gari ni la 24, kwa hiyo tunachukua betri moja, hesabu rahisi. Fyuzi sijaiona, ipo ile ndogo nyuma ya redio tu. Waya unapita kwenye tundu la bati kutoka kwenye injini kuingia kabini, na hapo ndipo nimeshtuka: ganda limechubuka, shaba inang'aa kama jino la dhahabu.

#5 Fundi Waya

Hiyo shaba inayong'aa, ukimaliza kusoma hapa nenda kachomoe waya kwenye betri. Leo hii. Bati lile ni hasi ya gari zima. Mtikisiko wa barabara ukimalizia ganda lililobaki, moto wa betri unakutana na bati bila fyuzi katikati, na waya unageuka koili ya jiko. Fyuzi ya nyuma ya redio inalinda redio. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hiyo haulindwi na mtu. Ndiyo maana fyuzi ya kwanza inakaa jirani kabisa na ncha ya betri, sentimita chache tu, na tundu la bati linavishwa raba.

Betri sasa. Hesabu ya fundi wako ni rahisi, kweli, ila ni ya sokoni. Altaneta ya 24 inasukuma takriban volti 28 kwa betri mbili zilizoungwa mfululizo. Haijui kama kuna mjanja ananyonya moja. Ile inayonyonywa inabaki, tuseme, kwenye 12.6. Zilizobaki, 15.4, zote zinaangukia kwa mwenzake. Chai na chapati zote kala mtoto mmoja! Moja inakufa njaa, nyingine inavimbiwa, na hiyo inayochemka inatoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, kwa hiyo asisogee mtu na sigara. Dawa yake ni konveta ya kushusha 24 hadi 13.8. Kwa redio ya wati 25, inayovuta kama ampea 7 unapoongea, chukua konveta ya ampea 15, usinunue ya kubanana. Inakula moto kutoka ncha mbili za nje za betri, na fyuzi mwanzoni.

Hiyo ya vifungio vya kupendeza nitairudia, mteja kaja.

#6 Mawimbi Mstaafu

Nawasalimu wanajukwaa. Mimi nimekaa kwenye chumba cha mawasiliano bandarini miaka mingi, enzi tukiita simu ya upepo. Fundi Waya anasema vizuri, na kuhusu antena naomba niongeze.

Mwanangu Mkonge, redio ikibonyezwa haitumi umeme hewani peke yake kama unavyomwaga maji. Inausukumia kwenye antena. Antena ikiwa imekaa vibaya inaukataa, na sehemu ya nguvu inarudi ikitambaa juu ya ganda la nje la waya. Sasa ganda hilo umelifunga bega kwa bega na nyaya zinazopeleka habari za sensa kwenye kontroli boksi. Kompyuta inaona habari za ajabu, inadhani injini imekosea, inapunguza mafuta. Ndiko kukohoa huko. Ule uliobaki ulioviringwa nyuma ya boksi nao unachangia, ni kama umemkalisha mpiga tarumbeta sikioni kwa mtu anayehesabu hela.

Mkono wa kioo si mahali pabaya peke yake, lakini umepakwa rangi na una raba, haushiki bodi. Antena fupi ya robo wimbi inahitaji bati chini yake, bati hilo ndilo nusu yake ya pili. Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa la kabini, kama paa ni la bati. Ukiwa na paa refu la plastiki usihangaike nalo, tafuta antena ya nusu wimbi isiyodai bati.

Na hiyo Hilux: chukua rula, nipimie urefu wa antena, chuma chenyewe, kuanzia kwenye kitako hadi ncha.

#7 Mkonge Damu

Shikamoo mzee. Nimetumia rula ya shule ya mwanangu. Sentimita 17.

#8 Mawimbi Mstaafu

Marahaba.

Sasa chukua 300 ugawe kwa masafa yako. Redio yako iko karibu na megahezi 150, unapata wimbi la mita 2. Robo yake ni nusu mita. Antena yako ya sentimita 17 ni robo ya wimbi la megahezi 450, ni ya UHF, masafa ya juu kuliko VHF yako. Amekufungia kandambili ya mtoto kwenye mguu wa mtu mzima. Kusikia unasikia kwa sababu kupokea hakuchagui sana, lakini ukiongea nguvu karibu yote inakurudia redioni. Acha kuibonyeza kabla haijaunguza transista ya mwisho. Na ukitoa antena hiyo usijaribu redio "kidogo tu" ikiwa haina antena kabisa, hiyo ni mbaya zaidi.

#9 Dogo wa Chuda

Kandambili ya mtoto! Mzee umeniua. Naweka kambi hapa.

#10 Suka wa Horohoro

Wakuu nyie mnahangaika na mambo ya zamani. Kuanzia Chongoleani kwenye kazi za bomba la mafuta mpaka Muheza kila gari siku hizi lina antena kama kamba mti, na yote ya nini wakati simu ipo? Mie nina kishikio cha simu katikati ya kioo, naweka sauti ya spika, naongea na bosi kuanzia Kange mpaka Segera, mikono yote kwenye usukani. Hakuna waya, hakuna betri kuchemka.

#11 Mama Kisosora

Kaka Suka, hiyo spika yako naijua.

Mume wangu ni dereva wa masafa. Mwaka juzi, kati ya Hale na Segera, simu ilikuwa mapajani, spika imewashwa, anaongea na mwenye mzigo. Mikono yote kwenye usukani kama unavyosema. Mbele akatokea bodaboda, akakanyaga breki, simu ikateleza ikaanguka miguuni ikaingia chini ya pedali. Breki haikushuka mpaka mwisho. Yule kijana wa bodaboda alijirusha porini, yuko hai. Mume wangu alikwenda kwenye mkonge, goti la kulia mpaka leo halikunji vizuri, na gari kubwa hapandi tena, anafuga kuku. Simu ilitolewa pale chini imepinda kama kipande cha muhogo mkavu, na mwenye mzigo bado anasema "haloo, haloo".

Sikwambii uache kuongea, mie si mama yako. Nakuuliza tu hiyo ya kwako imeshikwa na nini.

#12 Suka wa Horohoro

Pole sana dada, pole kwa shemeji. Ya kwangu imeshikwa na kishikio cha kunyonya kioo. Ukweli huwa kinaachia jua likiwa kali.

#13 Fundi Waya

Kitaachia tu, na jua hili la Tanga. Halafu umekiweka katikati ya kioo, kimekufunikia kipande cha barabara chenye ukubwa wa mtu na baiskeli. Kishikio kikae chini, kwenye dashibodi pembeni ya usukani, kifungwe kwa skrubu au kibanwe kwenye tundu la hewa. Simu yenyewe isikae juani kioo kimefungwa ikiwa inachaji, betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikishapita nyuzi 45, na juu ya dashibodi adhuhuri panapita hapo bila jasho. Chaja nayo, zile za elfu mbili za kuchomeka kwenye kiberiti, wengi hawajui zinapiga kelele kwenye redio koli. Ukisikia redio inavuma "zzzz" muda wote, chomoa chaja kwanza kabla hujamlaumu fundi.

Lakini Suka, mkono si tatizo pekee. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde tatu tu kujua nani kapiga, umepita mita 66 hujaziona. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa ajali wa karibu mara nne, na simu ya spika haikusaidii sana kwa sababu kilichohama ni akili. Nimewahi kupita Mkanyageni naongea na mteja kuhusu altaneta, nikafika Muheza sikumbuki nilipitaje.

#14 Suka wa Horohoro

Sawa, na redio koli je? Si maongezi hayo hayo? Mbona huko machimboni wanalazimisha?

#15 Mawimbi Mstaafu

Swali zuri. Si maongezi hayo hayo. Simu inakuvuta: anakuuliza, unafikiri, unabishana bei, unakasirika. Redio koli unabonyeza, unasema "namba saba nashuka na mzigo, kona ya pili", unaachia. Sekunde nne. Hupigi namba, hutazami kioo, na wakati mwenzako anaongea wewe huwezi hata kumkatiza. Tulifundishwa kupanga sentensi kichwani kabla ya kubonyeza. Dereva anayepiga soga redioni ni hatari kama wa simu tu, tena ameziba njia ya wenzake wote.

Hata hivyo kwenye kona kali au unapopishana hubonyezi. Mwenzako atasubiri.

#16 Mbeba Boksi

Huku Uingereza niliko sheria ya kukataza kushika simu ukiendesha ilianza tarehe 1 Desemba 2003. Redio koli haikuwekwa kwenye kosa hilo, madereva wa teksi na malori wanaendelea kutumia. Ila ukionekana unayumba huku umeshika maiki, wanakushika kwa kosa la kuendesha bila uangalifu. Simu ni pauni 200 na pointi 6 tangu 2017. Kwa mwenye leseni chini ya miaka miwili pointi 6 ndiyo leseni imekwenda, nina rafiki yangu anapanda basi sasa hivi.

#17 Baruti

Mkonge Damu, umesema machimbo. Mimi nafanya kazi kwenye kulipua, sitasema wapi. Kuna kitu hamjakigusa na ndicho kinachonifanya niandike saa hii badala ya kulala.

Kuna fataki, vile vidude vya kuanzishia mlipuko, zinazowashwa kwa umeme. Zina nyaya mbili ndefu, zimelazwa juu ya mwamba zikisubiri kuunganishwa. Waya mrefu uliolazwa hivyo ni antena, hauna tofauti na ya kwenye paa lako. Redio ya wati 25 ikibonyezwa karibu, mawimbi yanazalisha umeme kidogo ndani ya nyaya hizo, na fataki haihitaji mwingi. Ndiyo maana barabarani kuna kibao kinachosema zima redio na simu. Zima maana yake zima kabisa. Dereva anakwambia "mbona siongei mkuu", hajui simu yenyewe inaongea na mnara kila mara bila kuulizwa, na redio nyingine zenye kutuma mahali ulipo nazo zinajirusha zenyewe. Zipo fataki za kisasa zisizotumia umeme, zina afadhali kubwa kwa mawimbi, lakini wewe uliye kwenye usukani hujui leo wamefunga zipi.

Kwa hiyo mwambie fundi wako redio iwe na swichi dereva anayoifikia bila kuinama.

#18 Mkonge Damu

Astaghfirullah. Hicho kibao nakijua, tunapita nacho kila siku. Dereva wangu huwa anaacha redio inavuma chini chini. Nimempigia sasa hivi, simu imemwamsha hadi mkewe.

#19 Dogo wa Chuda

Na kwenye sheli je? Si wanasema simu inalipua?

#20 Baruti

Moto mwingi wa sheli unaolaumiwa simu, mwenye kosa ni umeme tuli: mtu anaingia kwenye gari, anasugua nguo kwenye kiti, anatoka anashika mpira wa mafuta, cheche inaruka kwenye kidole. Zima simu kwa sababu inakutoa akili wakati mafuta yanamwagika, na ukitoka garini gusa bati la gari kwanza. Gari la mafuta na kwenye maghala ni habari nyingine, kule redio za mkononi zinazoruhusiwa zimetengenezwa maalumu zisitoe cheche. Si hizi za kwetu.

#21 Abood si Mimi

Mie wa mabasi. Ongezeni hili: mafundi wengine wakikosa moto wanadandia kwenye waya wa kile kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo. Usiguse. Kikikatika moto utaulizwa wewe, si fundi.

#22 Fundi Waya

Kabisa. Na nilisema nitarudi.

Kwenye Hilux, redio imekaa wapi? Kama ni juu ya dashibodi upande wa abiria kwa ile gundi ya pande mbili, itoe. Pale chini kuna eabegi. Inafunguka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kama milisekunde 30, na chochote kilichokaa juu yake kinakuwa tofali usoni kwa mtu. Kuna magari yana eabegi za pazia kwenye nguzo za milango, waya wa antena usipite juu yake wala usitobolewe skrubu pale. Redio ikae chini ya dashibodi katikati au kwenye boksi la gia, ifungwe kwa bano na skrubu. Redio ya mkononi nayo isilale kwenye kiti, gari likipiga breki inaruka. Maiki itundikwe mahali unaishika bila kuitafuta kwa macho, na waya wake usininginie kwenye usukani.

Waya wa antena upite upande mmoja wa gari, wa moto upande wa pili. Ikibidi ukutane na mkonga wa gari, ukatishe kama njia panda, usilale nao. Urefu uliobaki ukatwe, usiviringwe.

Halafu kwa magari mapya: kama kwenye ncha ya hasi ya betri kuna kidude cha kupima chaji, usifunge hasi ya redio juu ya kidude hicho. Funga kwenye bodi, pale hasi ya betri ilipofungiwa. Ukikiruka, gari halitajua betri imetumika kiasi gani, na mteja atarudi na kesi ya betri.

#23 Mawimbi Mstaafu

Mkonge, usijiudhi, naomba kuuliza. Masafa hayo umeandikiwa na nani?

#24 Mkonge Damu

Ya machimboni wametupa wenyewe wana leseni. Ila fundi aliongeza "chaneli za ziada bure" za kuongelea mimi na madereva wangu.

#25 Mawimbi Mstaafu

Zifute hizo, mwanangu. Masafa yanatolewa kwa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, na redio yenyewe nayo iwe imethibitishwa nao. Lakini hata ukiweka sheria pembeni: redio hizi zinaweza kupigwa programu popote kati ya 136 na 174. Ndani ya eneo hilo kuna 156.8, chaneli 16 ya baharini. Ndiyo meli na majahazi yenye redio yanayoingia hapa Tanga yanasikiliza, na ndiyo mtu anayezama anaitia. Tulishakaa usiku mmoja tunasikiliza vijana wawili wanabishana juu ya Coastal na Simba kwenye chaneli hiyo, hatuna la kuwafanya. Angekuwepo mvuvi anaomba msaada nje ya Toten Island tusingemsikia.

#26 Mkonge Damu

Wakuu nimerudi, siku ya tisa leo. Mrejesho.

Mzee Mawimbi alikuja mwenyewe Pongwe, kaleta mita yake ya SWR, ile ya kupima nguvu inayokataliwa na antena (ikikaribia 1 ndiyo nzuri), kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Lori la kompyuta ilisoma juu ya 3 pale kwenye kioo. Tukahamisha antena kwenye paa, kakwangua rangi kwa msasa mpaka bati likawa jeupe, kapaka grisi pembeni zisile kutu, na waya tukaupitisha upande wa abiria mbali na kontroli boksi. Ikashuka hadi 1.3. Kamwambia dereva awashe, apandishe mapigo hadi 1,500, abonyeze. Utingo alikuwa kasimama nje ameshika kigingi vile vile. Akabonyeza mara tano. Kimya, injini haikutetereka hata kidogo. Kamfukuza tu utingo asikae juu ya kabini karibu na antena wakati wa kuongea, kasema mtu asogee angalau mita moja, na asiishike kwa mkono maana inaunguza.

Hilux ndiyo ilinipa raha. Kaweka antena mpya ya sentimita 52, anapima, anakata kipande kwa koleo, kama milimita tano, anapima, anakata tena. Mara ya sita hivi kasema basi. 1.2. Nikaita Maweni, wakaniuliza nimejificha wapi wiki zote hizi.

Lori la zamani konveta ipo, fyuzi zipo, betri imebidi ninunue mbili kwa pamoja, Fundi Waya kanikataza kuchanganya mpya na mzee. Imeuma mfukoni.

#27 Suka wa Horohoro

Hongera mkuu. Kishikio nimekishusha. Kimebanwa kwenye tundu la hewa. Bosi kalalamika siku hizi sipokei.

#28 Mama Kisosora

Azoee.

#29 Mkonge Damu

Bado kitu kimoja wakuu. Nataka kubadili waya wa antena kwenye lori la zamani, RG-58. Mjini nimeona za bei tatu tofauti na zote zimeandikwa vile vile. Najuaje ipi shaba kweli?

#30 Fundi Waya

Nenda na sumaku na kisu. Chuna ncha ya waya, weka sumaku kwenye kiini cha katikati. Ikinata ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponata, kwangua kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu. Ikiwa nyekundu mpaka ndani, lipa.

#31 Dogo wa Chuda

Sumaku naipata wapi saa hizi?

#32 Fundi Waya

Spika iliyokufa.